Mjeledi wa Clem

2 Juni, Jumatatu

Gramu 412. Maji ya kuku yameganda kwenye ndoo.

Daktari wa wanyama amenipa daftari hili niandike kila asubuhi uzito wa mtoto, maziwa aliyokunywa na choo chake. Hakusema nisiandike mengine. Nina miaka sabini na moja, nimewapikia wakata manyoya ya kondoo miaka thelathini, na tangu mume wangu Clem afariki Machi mwaka jana sina wa kumlalamikia ila kuku. Basi daftari linivumilie.

Aliyemleta mtoto ni jirani yangu Kev Rudge. Kev huwinda kangaroo kwa leseni na kuuza nyama. Akipiga jike, humtia mkono mfukoni aone kama kuna mtoto. Kanuni zinamwambia akimkuta amuue papo hapo. Yeye hafanyi. Humvisha kofia yake ya sufu, akamleta kwangu huku akiitukana baridi kwa sababu kichwa chake kimebaki wazi. Wa leo hana hata unywele mmoja, ngozi yake ni nyembamba, naona mishipa.

"Shika chakula changu cha mchana," akasema. "Ukishamnenepesha unirudishie."

Husema hivyo kila mara. Huyu ni wa kumi na tisa, na hajawahi kurudishiwa hata mmoja. Nimemwita Damper, kama ule mkate Clem aliokuwa akiufukia majivuni.

5 Juni, Alhamisi

Gramu 415. Choo kizuri.

9 Juni, Jumatatu

Gramu 421. Upepo wa kusini tangu alfajiri.

Philippa Gaunt ametuandikia wanachama wote. Philippa ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuokoa wanyama, alikuwa mwalimu mkuu huko Sydney, na mpaka leo ukipiga chafya mbele yake anakutazama kama umekosea hesabu. Mnada wetu wa mtandaoni ni mwisho wa mwezi. Kila mtu anatoa kitu, anaweka picha yake kwenye ukurasa wa kikundi, na watu wanataja dau hapo chini mpaka Jumapili saa mbili usiku. Fedha za mwaka huu ni za sanduku la joto, lile la umeme lenye betri yake, linaloweza kumtunza mtoto asiye na manyoya hata taa zikizimika. Tunalo moja tu, na liko kilomita mia mbili kutoka hapa.

Sasa sikiliza alivyotuandikia. "Mwaka jana tulipokea vikombe kumi na kimoja vyenye ufa. Kikundi si jalala. Mwaka huu toeni kitu kinachowauma kukitoa."

Nilikasirika, maana vikombe vitatu kati ya hivyo vilikuwa vyangu.

13 Juni, Ijumaa

Gramu 402. Umeme ulikatika saa kumi alfajiri na blanketi la joto likapoa. Nilimweka kifuani, ndani ya sweta, nikakaa naye jikoni hadi saa tatu. Nilimpigia daktari. Akanieleza bila kuzunguka: akipoa hivi mara mbili au tatu zaidi, mapafu yatamshinda. Hili bonde lina baridi mpaka mwisho wa Agosti, na hii nyumba ina nyaya za enzi za baba yake Clem.

Anahitaji lile sanduku. Sina namna nyingine ya kuliandika.

14 Juni, Jumamosi

Gramu 405.

Nimeuteremsha mjeledi wa Clem kutoka kwenye msumari wake ndani ya banda la kazi.

Ni wa mwisho aliousuka. Nyuzi kumi na mbili kutoka ngozi moja, kisu kikizunguka ngozi kuanzia ukingoni mpaka katikati bila kukata uzi hata mara moja. Kazi yake ndiyo hiyo, kukata na kusuka. Yangu miaka arobaini ilikuwa kushika mwisho. Anasuka, mimi nimeshika mwisho nauvuta, tunabishana kuhusu mvua. Huu aliumaliza wiki tatu kabla hajalazwa, na alikuwa anapumzika kila baada ya vidole vinne vya kusuka.

Kinachouma, alisema mwalimu mkuu. Haya.

16 Juni, Jumatatu

Gramu 409. Nimeuweka mnadani. Nimeupiga picha juu ya meza, nikauandika kama Clem alivyokuwa akiandika mijeledi yake yote ya kuuza: "Mjeledi wa ng'ombe, umesukwa kwa mkono na Clem Prowse wa Cobbalong. Ngozi ya kangaroo, nyuzi kumi na mbili." Hapa kwetu kila mtu anajua ngozi hiyo ndiyo bora. Ya ng'ombe inavimba, ya mbuzi inakatika. Ukiandika "ngozi ya kangaroo" ni kama kuandika sweta ni la sufu.

17 Juni, Jumanne

Gramu 411. Sijali kama ni 411 au 511.

Maoni mia mbili na sitini. Wa kwanza aliuliza kama ni mzaha. Wa pili akaniita mchinjaji. Mwingine akauliza kama mwakani nitaleta mnadani mikono ya koala. Kuna aliyeandika kwamba watu wa aina yangu wakishakufa dunia itapumua. Mwanamke mmoja ameweka picha ya mwanawe mdogo akilia, eti kwa sababu yangu. Yaani amemwonyesha mtoto, akasubiri alie, akampiga picha.

Nataka kujua ni nani kati yao ameamka mara tano kwa usiku mmoja kupasha maziwa. Ni nani amemsugua mtoto wa kangaroo matakoni kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili apate choo, kama mama yake angemlamba. Wanaishi ghorofani na paka mmoja, paka mwenyewe anakula nyama, wanayoinunua dukani imeshasagwa ili wasijue ilikuwa nini. Mimi najua kila kitu kilikuwa nini. Ninajua Kev anaua, ninajua ngozi inatoka wapi, na ninajua aliye ndani ya sweta langu ametoka wapi. Sijawahi kumficha mtu.

Nilisahau tu kwamba kikundi si sisi tena. Tulikuwa watu thelathini wa bondeni, tunajuana mpaka viatu. Sasa ukurasa una watu elfu tisa, na mimi nikaandika kana kwamba naandikia thelathini. Kosa langu ni hilo. Hilo tu.

Kev alikuja na kuni, akasoma yote mpaka chini.

"Hawajui kuandika, hawa," akasema mwishoni. "Angalia huyu, hata neno mchinjaji amelikosea."

18 Juni, Jumatano

Gramu 412. Tumerudi tulipoanzia.

Philippa amenipigia simu. Kwa sauti ile ya mkutano wa wazazi akaniomba nimsikilize kwa utulivu. Nikamwambia nimetulia, nimeketi.

"Tungeandika 'ngozi' tu, Dulcie, tukaishia hapo."

"Ngozi ya nini?"

"Ngozi. Inatosha."

"Clem angeniuliza ngozi ya nini."

"Clem hayupo, Dulcie."

Nikakata simu. Nimekata na ya pili. Ya tatu nimeiacha ilie mpaka Damper akashtuka.

20 Juni, Ijumaa

Gramu 416. Philippa ameuondoa mjeledi mnadani, "ili kulinda hisia za wanachama." Hisia zangu zinalindwa na nani, hakusema.

21 Juni, Jumamosi

Gramu 418. Siku fupi kuliko zote za mwaka.

Mjeledi umerudi mnadani! Kwa vile watu wa miji yote wameisambaza picha yangu kwa matusi, ukurasa umepata wafuasi wengine elfu sita, na wakija kutukana wanaona picha za watoto, wanaweka dau kwenye shuka na jamu. Basi mwenyekiti ameutazama mjeledi kwa jicho jipya. Ameurudisha na maneno chini: "Kikundi hakiungi mkono bidhaa hii." Jumatano nilikuwa aibu, leo nimekuwa mtaji. Nilitaka kuuondoa mwenyewe, nikae na hasira yangu nyumbani, mlango umefungwa. Kisha nikamtazama Damper, vidole vyake vyembamba vimeshika ukingo wa kofia ya Kev, nikaacha.

24 Juni, Jumanne

Gramu 423.

Kuna mwanamke wa Melbourne anaitwa Saskia Delmonte, ana wafuasi wengi kuliko idadi ya kondoo wa wilaya hii. Ametaja dau la dola mia sita kwa mjeledi wa Clem. Akaeleza sababu kwa upole, na upole wake ndio umenichoma zaidi: akishinda, atauchoma moto mbele ya kamera, ili mnyama huyo apumzike kwa heshima.

Heshima. Siku arobaini na moja alizosuka mtu asiyeweza kupumua, ndiyo kuni zake za heshima.

26 Juni, Alhamisi

Gramu 425. Mvua ya barafu. Kuku mmoja amekufa.

29 Juni, Jumapili

Gramu 428.

Naandika yote kwa utaratibu nisije nikayaandika kwa hasira.

Kev alikuja saa kumi na mbili na nusu na chupa zake za bia na simu yenye kioo kilichopasuka. Nikadhani amekuja kunifariji. Kumbe alikuwa amejiandikisha mnadani. Mtoaji haruhusiwi kutaja dau kwa kitu chake, lakini hakuna kanuni inayomkataza jirani yake. Saa mbili kasoro dakika tatu akataja mia saba.

Sasa, mnada wetu una sheria Philippa aliyoitunga ili watu wasivizie sekunde za mwisho: dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, muda unaongezwa dakika tano. Saskia akajibu mia nane. Kev mia tisa. Yeye elfu moja. Saa mbili ikapita, saa mbili na robo ikapita. Watu walikuwa wanaangalia kama mechi. Kila Kev akitaja, walimwuliza yeye ni nani, na yeye, mjinga huyu, akawajibu: "Mimi ndiye muuaji anayehusika." Wakamshukia wote.

Alipofika elfu moja na mia nne nilijua ni fedha za matairi ya gari lake. Bila matairi hatoki, asipotoka hali.

"Huyu hajawahi kuona ng'ombe," alikuwa anasema, kidole kiko juu ya kioo. "Namwachiaje?"

"Kev, acha."

"Bado ninazo."

"Huna. Na yeye akilipa, Damper anapata sanduku. Ukilipa wewe, utalipa na nini?"

"Ni wa Clem," akasema.

"Najua ni wa nani," nikamwambia, na nikaifunika simu yake kwa mkono. Tukakaa hivyo dakika tano nzima, yeye, mimi na simu chini ya kiganja changu, mpaka muda ukaisha. Dola elfu moja mia tano, Saskia Delmonte. Ndicho kitu kilichopata bei kubwa kuliko vyote tangu mnada uanzishwe. Kev aliondoka bila kumaliza bia, na sijawahi kuona hilo.

1 Julai, Jumanne

Gramu 430. Saskia amelipa. Kanuni inasema mtoaji atume kitu ndani ya siku saba, la sivyo mshindi anarudishiwa fedha zake. Philippa ameagiza sanduku lakini fundi hatalitoa mpaka fedha zitulie. Philippa ameninukulia kanuni hiyo mara mbili, kana kwamba sijui kusoma.

Mjeledi uko juu ya meza. Nimeupaka mafuta. Nani anapaka mafuta kitu cha kuchomwa?

4 Julai, Ijumaa

Gramu 431. Sijautuma.

Najiuliza kwa nini niwape. Waliniita mchinjaji wakiwa elfu, hakuna hata mmoja aliyekuja kufuta. Naweza kuurudisha kwenye msumari wake, nimwambie Philippa atafute kinachomuuma yeye. Nimefikia hadi kuuchukua na kwenda nao bandani.

5 Julai, Jumamosi

Gramu 409.

Umeme ulikatika tena, saa saba usiku. Aliponyonya maziwa yalitokea puani, na kifua kinakoroma kidogo, kama karatasi inayokunjwa. Nimempa dawa aliyoacha daktari. Nimemweka kifuani, nikawasha jiko, nikamwambia Clem kwa sauti kwamba nauza kazi ya mikono yake kwa mwendawazimu. Hakunijibu. Alikuwa hanijibu hata akiwa hai, ikiwa tayari nimeshaamua.

7 Julai, Jumatatu

Gramu 411. Nimeutuma, siku ya saba, mtu wa posta alikuwa anafunga. Ndani ya boksi, chini kabisa, nimeweka karatasi: "Umesukwa na Clem Prowse kwa siku arobaini na moja, miezi yake ya mwisho. Aliyeshika mwisho ni mimi. Nyuzi zote ni za ngozi moja, wala hazikukatika. Fanya ulilolilipia."

Halafu nikanunua soseji ndani ya mkate, nikaila garini, nikalia kama mpumbavu, soseji mdomoni.

10 Julai, Alhamisi

Gramu 410. Barabara ya chini imefurika. Kifua bado.

11 Julai, Ijumaa

Gramu 414. Nimeandika vibaya kumhusu mtu fulani katika daftari hili, na sitafuta, ila nitaongeza.

Philippa Gaunt amekuja leo na sanduku la joto. Barabara ya chini haipitiki, kwa hiyo amezunguka kwa juu, saa sita za tope, mwanamke wa miaka sitini na nane mwenye goti bovu. Alibeba sanduku mwenyewe kutoka getini, maana gari lilizama hapo. Hakunisalimu mpaka alipolichomeka, akapima joto, akamwona Damper anajinyoosha ndani yake. Kisha akasema lile neno la kwenye simu, kwamba Clem hayupo, lilikuwa neno baya na amekuwa akilirudia moyoni tangu siku ile.

Nikamwambia ndiyo, lilikuwa baya. Nikampa supu. Bado nina hasira naye, ila sasa namkasirikia kama ninavyomkasirikia mtu wa nyumbani.

15 Julai, Jumanne

Gramu 437! Umeme ulikatika, betri ikashika, sikuamka hata.

19 Julai, Jumamosi

Gramu 462.

Saskia ameuchoma. Kev alinikataza kuangalia, nikaangalia. Walikuwa watu kama thelathini kwenye bustani ya nyuma, wengine wamevaa nyeupe. Alisema maneno, akauweka juu ya moto. Haukushika. Ngozi iliyoshiba mafuta haishiki upesi, inajikunja kwanza. Ulijikunja ukainua ncha yake kama unataka kupigwa hewani, watu wakarudi nyuma, halafu moshi mweusi, na wote wakaziba pua. Ilichukua dakika kumi na moja. Mwisho yule mwanamke alikuwa anausukuma kwa kijiti, amechoka, anataka tu uishe.

Karatasi yangu hakuisoma.

Nikaenda bandani, nikakaa chini ya msumari mtupu.

23 Julai, Jumatano

Gramu 489. Ujumbe kutoka kwa Saskia, wa faragha. Barua aliiona siku ya pili yake, alipokuwa anakunja boksi. Anasema hakujua.

Sijamjibu. Mtu akifungua boksi akachukua anachotaka kuchoma, asinililie kwamba hakuangalia chini.

2 Agosti, Jumamosi

Gramu 604. Vinyweleo mgongoni, laini kama vumbi. Nimeshona mfuko wa flaneli, na kwa vile banda la kazi linapata jua la asubuhi, nimeutundika humo kwenye msumari wa mjeledi na Damper ndani. Ulikuwa msumari imara siku zote.

Nikiwa humo nikafungua sanduku la Clem. Kuna ngozi mbili alizonunua, hazijaguswa. Na kisu chake.

9 Agosti, Jumamosi

Gramu 688. Nimeharibu ukingo wote wa ngozi ya kwanza. Uzi unatoka mnene hapa, mwembamba pale. Nilimtukana Clem kwa kuonyesha kama ni rahisi.

17 Agosti, Jumapili

Gramu 842. Philippa amekuja kumwona Damper. Alinikuta na nyuzi nane, nimefunga mwisho kwenye jiriwa, unateleza. Akavua koti. Akauliza ashike wapi.

Ameshika mwisho kwa muda wa saa mbili. Tumebishana kuhusu mvua. Mara moja tu akauliza ngozi hii ni ya nini, nikamwambia, akasema ndivyo alivyodhani, akaendelea kuvuta. Anavuta sana, lakini watu wengi huvuta kidogo, kwa hiyo sikumrekebisha.

25 Agosti, Jumatatu

Gramu 1,060. Kev ameletewa matairi mapya. Anasema mtu fulani amemlipia nusu na dukani hawataki kumtaja. Nimemwambia sijui lolote, na kwa kweli simjui mtu mwenye goti bovu anayeweza kufanya hivyo.

1 Septemba, Jumatatu

Gramu 1,172. Siku ya kwanza ya majira ya kuchipua. Amesimama kwa miguu yake, hatua nne kutoka mfukoni mpaka kwenye kiatu cha Kev, akaanguka juu yake.

"Chakula changu kimeanza kutembea," Kev akasema, akamfunika kwa kofia.

Mwaka huu kikundi kimeongeza mnada wa Septemba, na umefunguliwa leo. Nimeandika mwenyewe, nikamtumia Philippa:

"Mjeledi wa ng'ombe, nyuzi nane, maana kumi na mbili zimenishinda. Umesukwa vibaya na Dulcie Prowse wa Cobbalong, mwisho umeshikwa na mwenyekiti. Ngozi ya kangaroo. Anayetaka kuuchoma anakaribishwa, aanze na dola mia mbili, na asikae upande wa moshi."

Akajibu mstari mmoja: "Nimeuweka. Sijagusa neno."

Dau la kwanza limeingia baada ya dakika nne. Mia mbili kamili, Saskia Delmonte. Hakuandika atafanya nini nao, wala mimi sikumwuliza. Nimemrudisha Damper kwenye msumari wake, nimenoa kisu, na nimeanza kukata ngozi ya pili.